Utepe Usiofungwa

Siku ile tulikuwa watu saba ndani ya ghala la kanivali. Nawataja wote, kwa sababu kila mmoja alinitendea wema, na sitaki wema wa hata mmoja upotee. Alikuwepo mwongoza wageni, ambaye mji mzima unamwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha historia kabla ya kustaafu. Alikuwepo fundi wa mavazi, mama mwembamba anayechomeka pini kifuani kama askari mwenye medali. Walikuwepo mzee mmoja na mkewe, watu wazima waliokuwa wanasherehekea miaka arobaini ya ndoa. Alikuwepo wifi yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye nyumbani tulimwita Kasuku kwa maneno yake mengi. Nilikuwepo mimi, na mwanangu wa miezi minne mgongoni. Mtu mwingine hakuwepo. Nalisema hilo mapema, maana baadaye niliulizwa mara nyingi.

Kasuku alikuwa na miaka kumi na tisa. Wazazi wao walifariki akiwa darasa la pili, na mume wangu ndiye aliyemlea, akimsuka nywele mwenyewe asubuhi kabla ya shule, ovyo ovyo, mpaka watoto wenzake wakamcheka. Jumatatu iliyokuwa inakuja alikuwa aanze chuo cha uuguzi. Sare zake nilishazipiga pasi. Mume wangu ni dereva wa malori ya mbali, na kabla hajaondoka alinishika mkono akaniambia, "Mke wangu, sitakuwepo. Umpeleke wewe mpaka getini. Usimwache njiani."

Nikamwahidi.

Safari ile ya kutembezwa aliitaka Kasuku. Aliona tangazo ukutani: historia ya kanivali ya mji, kwa miguu, kuanzia saa nne asubuhi. "Wifi, nikishaanza chuo nitakuwa mtu wa sindano na damu," akasema. "Nipe siku moja ya ujinga." Nani angekataa?

Tulianzia kwenye uwanja wa katikati ya mji. Mwalimu alitupitisha mtaa kwa mtaa, na alikuwa anajua kusimulia. Alituonyesha maghala ya zamani ambako wapagazi walibeba magunia mwaka mzima. Akasema mabwana wa maghala waliwaruhusu siku moja kila mwaka, kuanzia adhuhuri hadi jua kuzama, kuvaa nguo nzuri na kuitwa mabwana. Wapagazi wakatengeneza sanamu kubwa za fito na vitambaa, zenye vichwa vya karatasi na gundi, wakaziweka mabegani wakapita nazo barabarani.

"Mabega walikuwa nayo tayari," Mwalimu akasema. "Bosi wao alikuwa mnene. Wakamtengeneza mnene zaidi, wakambeba, wakamcheka usoni. Na yeye akapiga makofi, hajui kama ni yeye."

Mzee akacheka mpaka akashika goti lake bovu. Mkewe akamwambia, "Polepole, bwana, usije ukanifia kwenye sherehe." Mzee akajibu, "Nikifa wewe nibebe." Tukafurahi sana. Njia nzima yule mama alinishikia mkoba bila mimi kumwomba.

Tulifika kwenye ghala la mavazi muda mfupi kabla ya saa sita. Lilikuwa jengo refu lenye paa la bati, na vipande vya plastiki vikiingiza mwanga juu. Katikati zilisimama sanamu kumi na mbili kwa mstari, kila moja ndefu kuliko mlango wa nyumba. Kulikuwa na nafasi ya kuzunguka mstari ule pande zote. Ya tatu ilikuwa ya mwanamke mnene, ametabasamu, hereni zake vifuniko vya sufuria. Gauni lake lilikuwa viraka juu ya viraka. Fundi alitueleza kwamba nguo ya sanamu haivuliwi. Kila mwaka wanashona kitambaa kipya juu ya kile cha zamani.

Mwanangu akajichafua pale pale. Nikatoka naye kwenda kwenye bomba la nyuma, na mke wa mzee akanifuata, akanikingia jua kwa mtandio wake wakati nambadilisha. Tulichukua kama robo saa. Ndiyo robo saa ambayo fundi aliitumia kuwaeleza wengine kuhusu utepe.

Tuliporudi, Kasuku alikuwa ndani ya sanamu ya mwanamke mnene. Kifuani pa sanamu kulikuwa na tundu lenye wavu mweusi, la mbebaji kuona njia. Chini ya pindo niliona ndala zake za njano.

"Wifi! Njoo uone nilivyonenepa! Ule uji wako umefanya kazi!"

"Tulia, binti," fundi akamwambia. "Huyu mama ana kilo zake, atakuangusha." Alikuwa nyuma yake, anafunga tepe za mgongoni. Zilikuwa sita. Akafunga ya kwanza hadi ya tano. Kisha Mwalimu akamwita kutoka chumba cha picha, mlango umegoma. Fundi akasema, "Asitembee mpaka nirudi," akaenda.

Kasuku akapepesuka kidogo. "Wifi, linateleza. Linanikata begani. Hebu niweke sawa."

Nikazunguka nyuma yake. Utepe wa sita ulikuwa unaning'inia. Nikadhani fundi amesahau alipoitwa. Mimi ni mtu wa kufunga. Nikiona mtoto wa mtu barabarani ana kamba ya kiatu iliyolegea, nainama namfunga. Nikaukamata ule utepe nikaufunga kwa fundo ninalofungia mbeleko ya mwanangu, mizunguko miwili na ncha imechomekwa ndani, ukivuta mara moja linafunguka.

"Mwanangu," mzee akasema taratibu, "nadhani huo ulikuwa..."

Nilikuwa nimeshavuta.

Kasuku akanyamaza. Tangu niolewe katika nyumba ile sikuwahi kusikia kimya chake. Alikuwa anaongea hata usingizini.

Kisha sanamu ikaanza kutembea.

Mwendo haukuwa wake. Kasuku alikuwa anatembea kama anayewahi kitu. Huu ulikuwa mwendo mzito wa magoti ya mtu aliyezoea mzigo. Sanamu ikapita mbele yangu, ikafika mwisho wa mstari, ikageuka kuuzunguka. Pindo likainuka kidogo kwenye kona. Niliona ndala za njano. Nyuma ya ndala niliona miguu mingine. Peku, yenye magaga, mingi. Ilikuwa inakanyaga kwa pamoja.

Mzee naye aliiona. Nilijua kwa jinsi alivyonishika mkono.

Fundi akarudi, akasimama mlangoni. Macho yake yalikwenda moja kwa moja mgongoni pa sanamu.

"Nani amefunga?"

"Mimi, mama."

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alisema, "Hukuwepo nilipoeleza. Kosa ni langu, sikupaswa kuondoka." Mpaka leo nikikosa usingizi huwa naikumbuka sentensi hiyo.

Tukaikimbilia. Nikavuta ncha ya fundo langu mwenyewe, fundo ninalolifungua mara kumi kwa siku nikiwa nimefumba macho. Halikusogea. Lilikuwa gumu kama mfupa. Sanamu haikusimama, tulikuwa tunavuta huku tunatembea. Mwalimu akajaribu kwa meno. Fundi akatoa mkasi mfukoni akakata gauni kuanzia kiunoni kwenda juu.

Kitambaa kikaachia. Chini yake kulikuwa na kitambaa kingine, kimeshonwa kimekaza. Akakikata. Kingine.

"Hiki cha mwaka niliozaliwa," akanong'ona. Akakata. "Hiki kashona mama yangu. Huu mkono wake." Akakata. "Hiki cha bibi." Akakata tena, na tena, vitambaa vilivyofifia vikianguka sakafuni, na tumbo la sanamu halikupungua hata kidogo. Mwishoni akagusa kimoja akarudisha mkono haraka.

"Nini, mama?"

"Kina joto."

Akauweka mkasi chini. Hakuuokota tena.

Alitueleza huku tunatembea, kwa sauti ya chini. Utepe wa mwisho haufungwi kamwe. Hata siku ya maandamano watu huuona unaning'inia, wageni wanadhani ni uzembe. Ukiachwa wazi, mbebaji anatoka wakati wowote. Ukifungwa, sanamu inampeleka njia nzima, kuanzia adhuhuri hadi jua kuzama, kama walivyoruhusiwa wale wa zamani.

"Njia gani?"

"Hatujui. Mjomba wangu alifungwa na rafiki zake kwa utani, nikiwa mdogo. Alitoka jua lilipozama. Hakuwa na jeraha. Lakini hakujua hata jina la mama yake." Akaniangalia. "Walisema hakuna aliyeongea naye siku ile. Wote walikimbia. Wewe ongea naye, binti. Usiache. Asikie sauti anayoijua."

Ilikuwa saa sita na dakika kumi.

Nikasogea kwenye lile tundu la kifuani nikawa natembea kinyumenyume. Sikuona jicho. Niliona giza tu, na giza lilikuwa na kina kirefu kuliko sanamu yenyewe.

"Kasuku. Wifi yangu. Nipo hapa."

Sauti yake ikaja kwa mnong'ono. "Wifi, huku barabara ni ndefu."

"Simama. Geuka urudi."

"Nyuma kuna watu. Mbele kuna watu. Wananiambia nishike zamu yangu vizuri."

Mwanangu akalia mgongoni. Hapo ndipo mikono ya sanamu ikainuka. Ilikuwa mikono ya kitambaa iliyojazwa pamba, haina fito ndani, tangu tuingie ilikuwa inaning'inia tu. Ikainuka polepole kuelekea begani kwangu, kama mtu anayeomba ampokee mtoto.

Mke wa mzee alimchomoa mwanangu mgongoni kwangu kabla sijapiga kelele. "Nitakuwa naye nje," akasema. "Usimlete humu. Wewe kaa na huyu." Akavua viatu vyake vya chini akanisogezea kwa mguu, kwa sababu aliona nimevaa vya kisigino kwa ajili ya matembezi. Akatoka peku.

Nikaendelea kuongea. Nilimweleza habari za sare, za kaka yake. Nilipiga simu ya mume wangu nikitaka asikie sauti yake, ikawa haipatikani. Nilipiga mara tisa.

Katika mzunguko wa saba au wa nane Kasuku akauliza, "Mtoto ameota meno?"

Nikacheka, nikidhani amerudi kwenye utani. "We Kasuku, mtoto wa miezi minne ana meno? Si umembeba asubuhi hii?"

Akauliza, "Bado tu?"

Tukazunguka tena. "Ameanza shule?"

Nilielewa. Kwetu ilikuwa nusu saa.

"Kasuku, nisikilize. Ni leo. Bado ni leo ile ile."

"Usinidanganye, wifi. Nimeshabadilishwa bega mara nyingi."

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ngazi, ameshika kichwa. "Miaka kumi na moja naongoza watu," alikuwa anasema peke yake. "Miaka kumi na moja nasema ni hadithi." Baadaye aliinuka akaniletea maji, akawa ananinywesha huku natembea, kikombe kinagonga meno yangu. Mzee alitembea upande wa pili wa sanamu na goti lake lile. Nilipokaukiwa sauti alinipokea, akamsimulia Kasuku jinsi alivyomposa mkewe, jinsi alivyopakwa matope na mbwa siku ya posa. Ilikuwa hadithi nzuri. Ndani hakujibu mtu.

"Hanisikii," mzee akasema. "Hanijui."

Na huko nje mwanangu alikuwa analia.

Mwanzo kilikuwa kilio cha kawaida. Saa nane kikawa cha njaa. Mwanangu alikuwa hajaonja kitu kingine zaidi ya titi langu. Nilimsikia mke wa mzee akimwimbia, akimtembeza, akimlambisha kidole cha maji. Saa tisa sauti ya mwanangu ilianza kukauka. Kifua changu kilikuwa kimelowa mbele yote, maziwa yanashuka mpaka tumboni, nami natembea kinyumenyume nikimwambia wifi yangu habari za sare.

Saa tisa na nusu kilio kikakatika.

Mke wa mzee akasema kupitia mlango, bila kuingia, "Mwanangu, mtoto hafumbui macho vizuri."

Nikamwangalia fundi. Fundi akaangalia chini. Hakuna aliyenisaidia kuchagua, na siwalaumu.

"Kasuku," nikasema kwenye tundu, "nakwenda kumnyonyesha mtoto. Narudi sasa hivi. Hesabu mpaka mia mbili. Unasikia? Narudi."

"Sawa, wifi," akasema. Nilimsikia vizuri. Alisema sawa.

Nilikimbia. Nilimnyonyesha nimesimama kwenye ukuta wa nje, jua linanichoma usoni, yule mama ameshika saa yake. Mwanangu alivuta kama mtu anayezama. Zilikuwa dakika kumi. Nilimchomoa kabla hajashiba, nikamrudisha mikononi mwa yule mama, nikarudi ndani mbio.

"Kasuku! Nimerudi!"

Sanamu ilikuwa inatembea. Nikatembea nayo. Mzunguko mzima hakujibu. Kisha nikasikia sauti, ya chini kuliko mwanzo, imechakaa.

"Uliniacha."

"Dakika kumi tu, wifi yangu. Dakika kumi."

"Nilikuita. Niliita mpaka wakaniambia ninyamaze, wewe umekufa siku nyingi. Nikakulilia." Akapumua. "Nikamaliza."

"Sijafa. Nipo. Mimi ni mke wa kaka yako."

Tulizunguka mstari wote. Vichwa vya karatasi vya sanamu nyingine vilikuwa vimetazama mbele tangu asubuhi. Sasa vilikuwa vimetuelekea sisi.

"Nilikuwa na kaka?" akauliza.

Sikuacha kuongea. Nilimweleza kaka yake alivyokuwa anamsuka nywele vibaya. Nilimweleza jinsi watoto walivyomcheka, na jinsi yeye mwenyewe alivyowapiga kumtetea kaka yake. Nilimtajia kila kitu nilichokijua, na nilipomaliza nikaanza upya. Mara moja tu alinijibu, kwa upole, kama mtu anavyomjibu abiria mwenzake.

"Mama, una sauti nzuri."

Jua liliposhuka, mwanga wa zile plastiki za juu ukawa mwekundu, halafu wa kijivu. Sanamu ikasimama. Haikuanguka. Ilisimama tu, katika nafasi yake ile ile ya tatu. Utepe wa sita ulikuwa unaning'inia mgongoni, umenyooka, hauna hata kunyanzi, kana kwamba haukuwahi kufungwa.

Tukampokea. Alitoka ameinama. Ndala hazikuwa miguuni. Zilibaki kanda mbili za njano kwenye vifundo vya miguu, na nyayo zake zilikuwa na magaga. Uso wake ulikuwa ule ule wa miaka kumi na tisa, na chunusi yake moja kwenye kidevu. Mzee alimshika mkono ili asianguke.

"Asante, kaka," akamwambia mzee.

Kisha akaniona nimesimama, nimelowa kifuani, nalia. Akanifuta machozi kwa kiganja kigumu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Una mtoto mchanga?"

Mume wangu alirudi siku nne baadaye. Nilimweleza yote nikiwa nimepiga magoti, ingawa hakunitaka nipige magoti. Hakunigombeza. Aliingia chumbani kwa mdogo wake, na yeye akaamka, akampa mkono wa heshima, akamuuliza safari ilikuwaje na kama watoto wake hawajambo.

Tulimpeleka hospitali. Daktari alitazama mabega yake, yaliyoota ngozi ngumu kama nyayo, akampiga picha ya mifupa. Aliitundika kwenye taa, akaikaribia, akarudi nyuma. Akaniuliza huyu dada anafanya kazi gani. Nikasema ni mwanafunzi. Akauliza amebeba mizigo kwa miaka mingapi. Nikasema hajawahi. Akaangalia jina lililoandikwa kwenye picha, kisha akatoka nayo kwenda kuwauliza wenzake kama wamemchanganyia na ya mtu mwingine. Walimpiga tena. Ilikuwa ile ile.

Chuo kilimwekea nafasi mpaka muhula uliofuata, kisha kikampa mtu mwingine.

Anaishi nasi. Ni mpole, hasemi sana, anapika, anafua. Kila jioni natandika kitanda chake, na kila asubuhi nakikuta kama nilivyokiacha. Analala amesimama.